Jibu la Saa Tisa

Akelo alianza kuona sindano mbili kwenye cherehani yake mwaka ule alipotimiza miaka sabini na moja. Akadhani ni macho ya uzee. Akabadilisha miwani, sindano zikabaki mbili. Baadaye kope ya kushoto ikaanza kushuka yenyewe kila ikifika mchana, na jioni ile ya kulia nayo ikawa inafuata. Akawa anashona asubuhi tu, sare za shule na magauni ya kwaya, na ikigonga saa sita anafunika cherehani kwa kitenge anakwenda kujilaza.

Alikuwa akiishi Mkolani na mke mwenzake, Adoyo, katika nyumba aliyoiacha mume wao. Huyo mume, Ooko, alikuwa fundi wa kuunda mitumbwi aliyehamia Mwanza kutoka Shirati. Alimwoa Akelo kwanza, na baada ya miaka kumi akamwoa Adoyo. Akelo alibakiwa na mtoto mmoja, Oluoch, mwalimu wa sekondari kule Kisesa. Adoyo hakujaliwa mtoto. Wanawake wale waligombana vya kutosha Ooko akiwa hai. Alipokufa wakajikuta hawana tena cha kugombania, wakazoeana hivyo hivyo, mmoja anashona, mwingine analima mboga bondeni na kupika. Adoyo alikuwa na miaka sitini na mbili. Alimwita mwenzake Mama Oluoch, na hata siku za hasira hakuwahi kumtaja kwa jina.

Baada ya macho ikaja shingo, ikawa haishiki kichwa. Akelo akawa anakaa mkono umeegemeza kidevu, kama mtu mwenye mawazo. Kisha kutafuna. Matonge matatu ya kwanza yalikwenda vizuri, la nne likamchosha, la tano likakaa mdomoni mpaka alitoe kwa kidole. Maji yakawa yanatokea puani. Na sauti, ambayo asubuhi ilikuwa yake ile ile ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, mchana ikawa inapita puani na kufifia, mpaka maneno yake akabaki anayaelewa Adoyo peke yake.

Zahanati walisema ni kiharusi. Duka la dawa walisema ni presha. Rebeka, dada wa marehemu Ooko, alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Rebeka alikaa Buhongwa na alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Aliona kwamba asubuhi wifi yake anaongea vizuri, lakini akishakula chakula cha mchana ulimi unakuwa mzito, shingo inalegea, macho yanafumba. Na chakula anapika nani? Adoyo mwenyewe hakuulizwa. Waliulizwa majirani, wakaulizwa akina mama wa kanisani, swali likatembea mtaa mzima, mpaka siku moja muuza nyanya wa pale gengeni akamuuliza Adoyo, kwa sauti ya chini na ya upole, kama ni kweli wanayosema, kwamba anamroga mwenzake kwa chakula.

Tangu siku hiyo Adoyo akawa anaonja kila chakula mbele ya Akelo kabla ya kumlisha. Akelo akamwambia aache upuuzi huo, uji unapoa.

Oluoch ndiye aliyempeleka mama yake hospitali ya rufaa, Adoyo akiwafuata. Daktari mmoja wa kike, jina lake Suzana, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Akelo atazame juu bila kupepesa. Kope zikaanguka kabla daktari hajahesabu hamsini. Daktari akajaza barafu kwenye glavu, akaifunga, akamwekea juu ya jicho la kushoto kwa dakika mbili. Alipoitoa, jicho lilikuwa wazi, zima, linamtazama Adoyo. Adoyo alishika ukingo wa meza. Halikudumu; kope ikashuka tena polepole. Lakini daktari alikuwa ameshaona alichokitaka.

Akawaeleza kwamba ugonjwa unaitwa myasthenia gravis. Misuli ni mizima na mishipa ya fahamu ni mizima, ila askari wa mwili wamekosea adui, wanaharibu pale ambapo mshipa unaupa msuli amri ya kufanya kazi. Ndiyo maana msuli ukipumzika unapata nguvu na ukitumika unaishiwa. Asubuhi afadhali, jioni hali mbaya. Na kutafuna ni kazi ya misuli, kwa hiyo baada ya kula lazima azidiwe. Adoyo akamwomba daktari ayarudie maneno hayo ya kula. Daktari akayarudia. Adoyo akamgeukia Oluoch kuona kama amesikia, na Oluoch alikuwa anaandika jina la dawa.

Vidonge vilisaidia. Kwa miezi minne Akelo aliweza kushona mpaka saa nane na kumeza ugali laini. Lakini katika vipimo alivyofanyiwa, alilazwa ndani ya ile mashine ya duara inayopiga picha za kifua, na picha zikaonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kati, mkubwa kama yai la kanga. Hapo ndipo walipopelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Dokta Chenge alikuwa mtu mrefu, mnyenyekevu, aliyeanza kwa kumwamkia Akelo shikamoo. Alisema kifuani kuna tezi inayoitwa thaimasi. Inafanya kazi kubwa utotoni, kisha inasinyaa, na kwa wagonjwa wa aina hii mara nyingi ndiyo inayochochea. Kwa kijana angeitoa bila kufikiri sana. Kwa mtu wa miaka sabini na mbili asiye na uvimbe asingeigusa. Angemwacha na vidonge vyake. Sasa uvimbe upo. Ukiachwa unaweza kukua ukabana mapafu na mishipa mikubwa. Ukitolewa, lazima mfupa wa kifua upasuliwe, na misuli ya kupumua ya mgonjwa huyu ni dhaifu. Anaweza kubaki kwenye mashine siku nyingi, anaweza asitoke. Na hata akitoka salama, macho na koo huenda visipone, au vikachukua miaka miwili mitatu kupata nafuu.

Aliyasema yote hayo polepole, hakuficha kitu. Akasema wasijibu siku hiyo.

Mvua za Machi zilipoanza, koo la Akelo likazidiwa. Akalazwa ili apewe nguvu kwanza, dawa zipangwe upya, kisha uamuzi ufanyike. Adoyo akawa analala sakafuni kwa ndugu mmoja karibu na hospitali na kuwahi wodini kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa hizo ndizo Akelo alizokuwa na sauti.

Siku ya tano, Adoyo alipokuwa akimfuta uso, Akelo akamshika mkono.

"Nimefikiri," alisema, na kila neno lilisikika. "Sitaki kisu. Wanirudishe nyumbani na vidonge vyangu. Hicho kitu kama kitakua, na kikue. Nina miaka sabini na mbili, sina haraka nacho."

Adoyo akamwambia apumzike, wataongea Oluoch akija.

"Oluoch anakuja Jumamosi. Daktari anakuja mchana, na mchana mimi sina mdomo. Utamwambia wewe."

Adoyo akasema atamwambia. Alikuwa anakusudia kumwambia.

Saa saba Rebeka alifika na chupa ya uji. Aliwasalimia wagonjwa wote kitanda kwa kitanda, akafika kwa wifi yake, akamkuta Adoyo ameshika kijiko. Akakichukua mkononi mwake. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba tangu leo mgonjwa atakula cha mkononi mwake yeye Rebeka, na kwamba wenzake waliomo humu wodini ni mashahidi. Mama wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Adoyo akasema kuna uvimbe, picha wameiona wote.

"Picha mimi siijui kuisoma," Rebeka akasema. "Kama uvimbe upo, wautoe tuuone."

Akamlisha Akelo uji vijiko sita, cha saba kikampalia, muuguzi akaja mbio na mashine ya kunyonya makohozi. Rebeka akaaga. Adoyo alibaki amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama alifikiri lolote katika saa mbili zile. Alikumbuka tu kwamba alikuwa anauona mlango wa nyumba ya Mkolani, Akelo hayupo, na Oluoch amesimama mlangoni na shangazi yake.

Saa tisa Dokta Chenge aliingia, ametoka chumba cha upasuaji, kofia bado kichwani. Alikuwa na fomu. Akasema Jumanne kuna nafasi, na mgonjwa sasa yuko katika hali nzuri kuliko atakavyokuwa mwezi ujao. Ameongea na Oluoch kwa simu. Oluoch amesema mama akikubali, yeye hana neno. Kisha akainama karibu na mto.

"Mama, nataka nisikie kutoka kwako mwenyewe."

Akelo alianza kwa Kiswahili. Maneno yakapita puani, yakakatika. Akakusanya pumzi, akaingia Kijaluo, kama mtu aliyechoka anavyorudi kwao. Daktari, ambaye alikuwa Msukuma, hakuambulia kitu. Muuguzi hakuambulia kitu. Adoyo alisikia kila neno. Mwaka mzima alikuwa ameishi ndani ya sauti ile. Akelo alisema: kisu hapana, nipeleke nyumbani.

"Amesemaje?" daktari akauliza.

"Amekubali."

"Una hakika, mama?"

"Ameniambia na asubuhi, akiwa na sauti yake," Adoyo akasema. "Tulilizungumza asubuhi."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akamtazama Akelo. Kope zilikuwa zimefumba kabisa, uso umelala hauna dalili yoyote, kwa maana misuli ya kukunja uso nayo ilikuwa imechoka. Kalamu isingeshikika. Muuguzi akaleta kidau cha wino. Adoyo ndiye aliyeuinua ule mkono, ulikuwa mwepesi na wa joto, akalishika dole gumba, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Jumanne walimchukua saa mbili asubuhi. Akelo alikuwa na sauti saa hiyo, lakini mtu wa kusukuma kitanda alifika Adoyo akiwa ametumwa dawa ghorofa ya chini, naye aliporudi akakuta kitanda hakipo. Hakuuliza kama Akelo alisema chochote. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka saa saba.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Dokta Chenge alitoka akasema uvimbe wote umetoka na tezi yake, haukuwa umeng'ang'ania pafu. Muuguzi akamkabidhi Adoyo kopo lenye dawa na kile kitu ndani, alipeleke maabara jengo la pili kikapimwe. Rebeka alikuwa ameshafika. Adoyo akamsogezea kopo. Rebeka akalitazama kwa muda mrefu: nyama ya rangi ya kijivu na njano, imevimba upande mmoja.

"Basi kumbe ni ugonjwa," alisema. Na baada ya kitambo akaongeza, "Tumshukuru Mungu."

Adoyo alitembea na kopo lile kutoka jengo moja mpaka jengo la pili, amenyoosha mgongo. Kwa urefu wa ujia ule alikuwa mwanamke asiye na doa.

Siku ya kwanza Akelo alipumua mwenyewe. Siku ya tatu pumzi ikaisha. Hakukuwa na kelele. Aliacha tu kuvuta, midomo ikabadilika rangi, na waliokuwa karibu wakawahi kumrudishia mpira wa kupumulia kooni. Madaktari wakaeleza kwamba hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa, misuli imegoma yote kwa pamoja. Wakabadilisha dawa. Kuna tiba ya kusafisha damu ambayo ingesaidia haraka zaidi, lakini mashine yake kwa wakati ule haikuwepo karibu, na Akelo hakuwa wa kusafirishwa. Siku ya kumi na mbili wakamtoboa shingo ili mpira upite hapo. Siku ya kumi na tano mapafu yakaingia usaha.

Adoyo aliruhusiwa kuingia mara mbili kwa siku, amevaa joho la kijani na barakoa. Mashine ilivuta na kusukuma. Kifua cha Akelo, kilichofungwa plasta kutoka kooni mpaka tumboni, kilipanda na kushuka kwa amri ya mashine hiyo. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba mgonjwa anasikia, hajapoteza fahamu, asidanganyike na yale macho kufumba. Siku moja Adoyo akaweka kidole juu ya kope ya kushoto, akaiinua taratibu. Jicho lilikuwa hapo. Lilikuwa macho kabisa, linamtazama. Adoyo akaiachia kope ikashuka, na hakurudia tena.

Ilichukua siku thelathini na moja. Wakaanza kumtoa kwenye mashine saa moja, saa mbili, nusu siku. Mwezi wa Mei akarudishwa wodini, Juni akarudi Mkolani, amekonda, tundu la shingo limezibwa kwa kitambaa, analishwa kwa mpira wa puani. Kope zilishuka kama zamani. Vidonge viliongezwa badala ya kupunguzwa. Kliniki wakasoma majibu ya maabara: uvimbe ulikuwa wa aina ya taratibu, isiyokimbilia kusambaa. Daktari Suzana aliyasema hayo kama habari njema, na zilikuwa njema. Adoyo akauliza, uvimbe kama huo ukiachwa unachukua muda gani. Daktari akasema hakuna anayejua. Mwingine unakaa miaka mingi bila kumsumbua mtu, mwingine hapana.

Akelo alikaa akitazama dirishani mpaka wakamaliza.

Asubuhi ya siku iliyofuata, nyumbani, Adoyo alimkalisha kwenye mito. Akelo akaweka kidole kwenye kitambaa cha shingoni ili sauti isivujie hapo. Adoyo akaona akisubiri zaidi hatasema kamwe. Akapiga magoti sakafuni, akasema kwamba siku ile ya fomu alimdanganya daktari.

"Nilisikia," Akelo akasema. "Masikio yangu hayaumwi."

"Kwa nini hukukataa?"

"Kwa sauti gani?"

Nje watoto wa jirani walikuwa wanakwenda shule. Akelo akapumzika kidogo, akavuta pumzi, akarudisha kidole shingoni.

"Nilikulaani siku thelathini na moja. Sikuwa na kazi nyingine. Sasa nimechoka. Nifute, kabla hujanimiminia uji mpirani."

Jumamosi Oluoch alikuja. Alimkuta mama yake amelala na akakaa uani na shangazi yake. Rebeka, ambaye sasa alikuwa amehama kutoka kwenye uchawi, alikuwa na swali jipya: ni nani aliyemwelewa Akelo saa tisa mchana, hata akajua kwamba anakubali? Oluoch alingoja mpaka asubuhi ya Jumapili. Akaingia chumbani, akavuta kiti, akamwuliza mama yake mbele ya Adoyo kama ni yeye aliyeukubali upasuaji.

"Mimi," Akelo akasema. "Dole lilikuwa langu."

Oluoch alipotoka kwenda kuoga, Adoyo akauliza kwa nini amesema vile. Akelo alimtazama kwa lile jicho moja lililokuwa bado halijaanguka.

"Akikufukuza leo, kesho nani atanisafisha huu mpira? Rebeka?"

Hakuligusa tena jambo hilo. Aliishi wiki kumi na moja nyingine. Cherehani alijaribu kuirudia mara moja, akashona mshono mmoja wa mto, ulionyooka, kisha miguu ikakataa kukanyaga. Mwanzoni mwa Septemba homa ikamshika, kifua kikajaa, na kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali alikufa saa tatu asubuhi, Adoyo amemwinua kichwa. Wakamrudisha Shirati, akazikwa kando ya Ooko. Msibani Rebeka alisimama akasema wifi yake alitunzwa vizuri mpaka mwisho, na watu wakamgeukia Adoyo, wakamshukuru.

Mwezi Oktoba Oluoch alikuja Mkolani na karatasi za kiwanja. Alikuwa ameamua, alisema, kwamba Mama Adoyo akae nyumba ile maisha yake yote, asisumbuliwe na mtu. Aliandika hivyo na alitaka wasaini wote wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa kijana mwema, nywele zimeanza mvi. Adoyo alizitazama zile karatasi. Akamwambia akae kwanza.

Akamweleza. Hakuanza na Rebeka wala muuza nyanya. Alianza na ile asubuhi, akamalizia na wino. Oluoch hakumkatiza. Alipomaliza, Oluoch aliuliza kitu kimoja tu: mama yake alitamka maneno gani hasa asubuhi ile.

Adoyo akamwambia. "Sitaki kisu. Wanirudishe nyumbani na vidonge vyangu."

"Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

Oluoch akaomba arudie tena, akarudia. Akazikunja karatasi, akaziweka mfukoni mwa shati, akasema anawahi gari la Kisesa. Mlangoni alisita kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Hajamfukuza. Sasa ni Desemba, na Jumamosi zote zimepita bila yeye kuja. Rebeka akipita Jumapili humuuliza Adoyo kama mtoto ameonekana, na Adoyo humjibu kwamba shule zina kazi nyingi siku hizi.